Nyumba Kubwa ya Zamani, Ploti Pana: Hesabu Kabla ya Kununua Diani au Msambweni

Tangazo huwa hivi: nyumba ya vyumba vinne, baraza kubwa, eka nzima, minazi, mibuyu miwili, dakika tano hadi ufuo wa Diani. Bei yake inakaribia ile ya nyumba mpya ya vyumba vitatu ndani ya mtaa wa lango, iliyobanwa hivi kwamba ukifungua dirisha unasikia jirani akikaanga vitunguu. Moyo unakwenda kwenye eka. Kabla mkono haujaufuata, piga hesabu.

Muuzaji wa nyumba ya zamani anakuuzia vitu viwili kwa bei moja: ardhi, ambayo haichakai, na jengo, ambalo limekula chumvi ya bahari miaka thelathini au zaidi. Uliza ploti tupu ya ukubwa huohuo jirani inauzwaje. Ikiwa nyumba na ardhi vimezidi bei hiyo kidogo tu, endelea kusikiliza. Ikiwa jengo limeongezewa milioni nane kwa sababu "lilijengwa na Mjerumani", mwambie akupandishe darini kwanza. Mimi jengo kuukuu nalihesabu sifuri mpaka paa na kuta zijitetee zenyewe.

Tuanze na paa, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi huvujia. Nyumba nyingi za zamani za Diani, Galu na Tiwi zimeezekwa makuti. Makuti ni mazuri: nyumba inakaa baridi bila feni na wageni wanayapenda. Lakini paa lililosukwa kwa kubanana na lenye mwinuko mkali huishi kama miaka mitano hadi minane. Likiwa na mwinuko mdogo, au fundi akiwa amepanua nafasi kati ya kuti na kuti ili kubana matumizi, mwaka wa tatu unaanza kuweka ndoo sebuleni. Nyumba ya vyumba vinne yenye baraza pande mbili ina paa kubwa kuliko unavyodhani ukiwa chini. Mwulize muuzaji liliezekwa lini, kisha mwulize jirani swali hilohilo.

Makuti yana gharama nyingine ambazo dalali hazitaji. Bima ya moto huwa ghali zaidi, na kampuni nyingine hukataa kabisa. Huwezi kuvuna maji safi ya mvua juu yake. Kufunga paneli za sola juu yake ni shida, hivyo utajenga kibanda pembeni. Na Diani kuna mbega, kima na tumbili, ambao hawaombi ruhusa kupita juu ya paa lako. Shirika la kuwahifadhi mbega limeweka hata madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Ni jirani mzuri, mbega. Kima akishajua jiko liko wapi, si mzuri.

Watu wengi husema, "Nitanunua, kisha nibadilishe niweke mabati." Sawa, lakini miti iliyobeba makuti ni boriti zisizonyooka, na mabati yanataka mbao zilizonyooka. Unalipia paa jipya lote, mifupa na ngozi. Ukiwa karibu na bahari, mabati ya kawaida ya zinki yatashika kutu mapema. Nunua yale yenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, au aluminiamu tupu, na usishuke chini ya geji 28. Kumbuka namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni rahisi dukani kisha inakurudisha dukani. Vigae hudumu kuliko vyote, ila ni vizito. Usimruhusu fundi apandishe vigae juu ya mbao za zamani ambazo hajazikagua moja moja kwa ajili ya mchwa.

Basi, kwa mnunuzi mwenye pesa za kupimwa: nyumba ya zamani yenye vigae visivyovuja ina thamani halisi, lipia. Yenye mabati yaliyochoka, punguza bei kwa gharama ya mabati mapya. Yenye makuti ya zaidi ya miaka mitano, ihesabu kama nyumba isiyo na paa.

Kuta ni habari nzuri zaidi. Nyumba za zamani za Kwale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe kutoka timbo za Tiwi, Waa na Ng'ombeni, na kuta hizo huvumilia. Kinachokufa ni zege lenye nondo ndani: lenta, nguzo za baraza, mkanda wa juu wa ukuta, slabu ya tangi la maji. Chumvi ikiingia, nondo inashika kutu, inavimba, na zege linapasuka na kudondoka vipande. Ukiona nyufa ndefu zinazofuata mstari wa nondo, au rangi ya kahawia inayochuruzika, usidanganywe na plasta mpya. Chukua nyundo ndogo ugonge. Palipo na mlio wa uwazi, pana kazi. Wajenzi wengine wa zamani walitumia mchanga wa ufukweni, na ukuta kama huo hutoa unga mweupe wa chumvi kila msimu wa mvua, upake rangi mara ngapi.

Bisibisi pia inafaa kuwa mfukoni. Ichomeke kwenye fremu za milango na ncha za mbao za paa. Ikiingia kama kwenye mkate, mchwa walifika kabla yako. Fremu za mvule au mbambakofi zikiwa nzima, hizo ni mali. Mbao kama hizo leo si za bei ya mtu wa kawaida.

Sasa ploti yenyewe. Upana ndio unaokuvutia, na upana ndio utakaokuwa unaulipia kila mwezi. Eka moja ikiwa mraba ina pande za mita 64 hivi, yaani mzunguko wa kama mita 254. Nusu eka ina mzunguko wa mita 180. Angalia vizuri: ardhi imepungua nusu lakini ukuta umepungua chini ya theluthi. Na ploti nyingi zinazoelekea bahari ni ndefu na nyembamba. Eka yenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 135 ina mzunguko wa mita 330.

Tuseme fundi amekutajia shilingi 8,000 kwa mita moja ya ukuta wa mawe. Eka ya mraba itakula zaidi ya milioni 2. Eka ndefu, zaidi ya milioni 2.6. Nusu eka, milioni 1.44. Kwa hiyo ukuta mzima uliopo tayari usiuone kama pambo. Una thamani kuliko bwawa la kuogelea. Bwawa la zamani, kwa maoni yangu, ni hasara iliyochimbwa ardhini: pampu inakula stima, dawa zinanunuliwa kila mwezi, na likiachwa linazaa mbu. Usiliongezee hata shilingi.

Uzio wa wavu wa waya ni rahisi mwanzoni, lakini karibu na bahari huoza haraka, hasa waya zikiwa nyembamba. Nguzo za zege na waya nene zilizopakwa plastiki, pamoja na bogenvilia iliyopandwa ikafunga, ni suluhisho la katikati ambalo wengi hulidharau bure.

Kisha kuna mtu wa kulinda na kufyeka. Eka moja ya Pwani ukiiacha masika moja bila kufyekwa, hutaona mlango. Mwajiri mtu kwa mkataba wa maandishi, na katika bajeti yako ujumlishe mshahara pamoja na mchango wako wa NSSF na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo mwajiri hulipa sawa na inayokatwa mfanyakazi.

Maji ndiyo yatakayokushangaza. Diani haina mtandao wa kutosha wa maji taka, kwa hiyo kila nyumba ina tangi na shimo lake, na mwamba wa matumbawe hupitisha maji kama chujio lenye matundu makubwa. Uliza shimo liko wapi na kisima kiko wapi. Maji ya kisima karibu na ufuo mara nyingi yana chumvi, na ukivuta mengi unaivuta bahari ndani. Yaonje na uyapeleke yakapimwe mwishoni mwa kiangazi, mwezi Machi, wakati ukweli hauwezi kujificha nyuma ya mvua. Maji ya chumvi huua mifereji, pampu na hita, na hizo ni pesa za kila mwaka.

Kisima kilichochimbwa kwa mtambo kiwe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kama muuzaji hana karatasi, gharama ya kukihalalisha iondolewe kwenye bei. Kama hakuna kisima, usikimbilie kuchimba. Paa la bati au vigae lenye mita 200 za mraba hukusanya lita 10,000 kwa mvua ya milimita 50, mvua ambayo si ajabu kunyesha usiku mmoja mwezi Mei. Matangi makubwa mawili na mifereji mizuri ya paa ni bei ndogo kuliko kisima, na maji yake hayana chumvi.

Je, ununue wapi? Mstari wa kwanza wa Diani, ule wa ufukweni, sitauzungumzia sana. Kama una pesa za huko huhitaji ushauri wangu. Ila nenda siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, uone bahari inafika wapi na kama ukuta wa jirani umeshaliwa. Ng'ambo ya barabara ya ufuoni, kuelekea Ukunda, bei inashuka sana na chumvi hewani inapungua. Huko uko karibu na maduka, shule, kliniki na uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda, na ukitaka kuuza tena mnunuzi anapatikana.

Galu na Kinondo zimetulia zaidi, na ploti kubwa bado zipo, ila barabara za ndani nyingine ni vumbi Februari na dimbwi Mei. Tiwi iko karibu zaidi na Mombasa. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika mwaka 2024, mtu wa kusini anaweza kufika upande wa Miritini na uwanja wa ndege wa Moi bila kupanga foleni ya feri ya Likoni, na wauzaji wameshaiingiza barabara hiyo kwenye bei zao. Hakikisha nawe utaitumia kabla ya kuilipia.

Msambweni na Gazi ndiko shilingi yako inanunua udongo mwingi zaidi. Kuna hospitali ya rufaa ya kaunti Msambweni, kuna lami ya kwenda Lunga Lunga, na watu hawajabanana. Lakini fundi mzuri wa mabomba huenda atoke Ukunda na utamlipia nauli, vifaa vingine pia, na siku ya kuuza unaweza kusubiri mwaka mzima. Kama unanunua kuishi na kulea watoto, Msambweni ni thamani nzuri kuliko Diani. Kama unanunua kwa matumaini ya kupangisha wageni wa likizo, wageni wenyewe wanalala Diani. Na hata Diani, upangishaji huo unataka leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii na kibali cha biashara cha kaunti, kisha Mei nyumba iko tupu. Usichukue mkopo unaotegemea kodi ya mgeni ambaye bado hajapanda ndege.

Tufike kwenye karatasi. Chukua mfano wa nyumba ya milioni 20 ndani ya manispaa ya Diani. Ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani 800,000. Nje ya manispaa, mashambani, ni asilimia 2. Mthamini wa serikali akiona mali ina thamani kuliko mliyoandika, ushuru utafuata thamani yake, kwa hiyo ule ujanja wa kuandika bei ndogo hausaidii. Wakili wako, kwa viwango vinavyozunguka asilimia 1.5 hadi 2 pamoja na VAT ya asilimia 16, mtengee kama 380,000. Mpima ardhi, mthamini binafsi, fundi wa kukagua na sachi ya ardhi, tuseme 150,000. Hizo ni zaidi ya milioni 1.3 kabla hujanunua msumari mmoja, na benki haitakukopesha kwa ajili yake.

Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni ya muuzaji. Wauzaji wengi wa zamani walipata ardhi kwa bei ya kutupa, hivyo faida yao ni kubwa na kodi inauma. Ndipo utakaposikia, "Mimi nataka milioni 20 mkononi, mengine utajua wewe." Maana yake anakusukumia kodi yake. Kataa, au iondoe kwenye bei. Vivyo hivyo madeni ya ada ya ardhi ya kaunti na, kwa ardhi ya kukodi, kodi ya ardhi ya serikali kuu: bila vyeti vya kutodaiwa uhamisho hausogei, na ploti kubwa ambayo mwenyewe amekaa ng'ambo huwa na madeni ya miaka mingi.

Hapo kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa Diani hulikosa. Nyumba nyingi za zamani ni za wageni. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya mkataba wa miaka 99. Aliyekuwa na umiliki wa kudumu au wa miaka 999 siku ile, 27 Agosti 2010, alibakia na miaka 99 kuanzia hapo. Kampuni yenye mwenye hisa hata mmoja asiye raia inahesabiwa kuwa mgeni. Kwa hiyo hatimiliki inaweza kuandikwa umiliki wa kudumu ilhali unachouziwa ni kipindi kilichobaki. Usilipe bei ya umiliki wa kudumu kwa mkataba. Na kama ni mkataba wa tangu zamani, uliza umebakiza miaka mingapi. Miaka ikiwa michache benki hukunja uso.

Kama mwenye nyumba amefariki, usinunue kwa watoto, hata wawe waungwana namna gani, mpaka mirathi iwe imethibitishwa na mahakama, au na Kadhi kwa Waislamu, na kila mrithi ametajwa. Punguzo la milioni mbili halitoshi kukulipia miaka ya kesi na shangazi aliyesahauliwa.

Tembea ploti yote na mpima ardhi, bikoni kwa bikoni, na zungumza na wazee wa mtaa. Kwa Wadigo, mnazi au mkorosho unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Uliza miti ni ya nani, na aandikwe kwenye makubaliano kama atalipwa. Uliza kama kuna makaburi. Uliza kama mpaka unagusa msitu wa kaya, maana kaya za Kwale zinalindwa kisheria. Na muone anayelima ile kona ya nyuma. Mlinzi aliyewekwa na mwenyewe ana ruhusa, lakini aliyekaa waziwazi bila ruhusa kwa miaka 12 anaweza kwenda mahakamani kuidai sehemu hiyo. Ploti pana ya mwenye kuishi mbali ndiyo hasa hupata wageni wa namna hii. Mkataba useme unakabidhiwa nyumba na ardhi vikiwa vitupu.

Ardhi ikiwa ya kilimo, mnahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi yafanywe ndani ya miezi sita tangu kutia saini, la sivyo makubaliano yanakuwa bure. Mke au mume wa muuzaji lazima aridhie pia. Kama ameolewa au ameoa zaidi ya mara moja, uliza bila haya.

Linganisha basi na njia nyingine. Nyumba mpya ya mtaa wa lango: hulipii ukuta peke yako, maji na ulinzi vipo, lakini kuna ada ya kila mwezi isiyokoma na inayopanda, na ardhi yako ni ya kuweka gari na kamba ya nguo. Kwa mwenye mshahara na asiye na akiba ya ziada, hii ndiyo salama, ingawa haina raha. Ploti tupu na kujenga: unajenga kwa awamu kadiri pesa inavyoingia, paa ni lako, nondo unaijua, lakini wakati huo wote unalipa kodi ya nyumba kwingine, na bei za saruji hazikusubiri. Wenye haraka hii haiwafai.

Ushauri wangu kwa mwenye milioni 20 na si zaidi: acha eka yenye makuti. Tafuta nusu eka ng'ambo ya barabara Diani, Galu au Tiwi, yenye kuta za mawe, paa la vigae au la bati linaloweza kubadilishwa, na ukuta uliosimama. Usivuke milioni 16 kwa bei ya kununua. Karibu milioni moja iende kwenye ushuru na mawakili, tatu zibaki kwa paa, nyaya za stima, maji na mwaka wa kwanza. Ukishindwa kupata, Msambweni utapata eka kwa pesa hizohizo na chenji ikabaki.

Mpango wa kununua eka ili ukate nusu uiuze uondoe gharama ni mzuri kwenye karatasi. Kugawa kunahitaji idhini ya kaunti, mpimaji, barabara ya kupita na hatimiliki mpya, na pesa hairudi mwaka huo. Nunua hivyo tu kama ungeweza kukaa na eka nzima bila kuumia.

Muda pia ni bei. Aprili hadi Juni, kusi linapovuma na hoteli zimepunguza wageni, wauzaji husikiliza zaidi, na nyumba inakuonyesha inavuja wapi. Desemba usinunue kitu. Kila mtu ana jamaa kutoka Nairobi mwenye pesa taslimu. Kwa dalali, usilipe ada ya kuonyeshwa nyumba. Kamisheni kwa kawaida ni ya muuzaji, na iandikwe hivyo.

Amana ya asilimia 10 ni kawaida, na siku 90 za kumaliza. Iwekwe kwa wakili kwa masharti, isiingie mfukoni mwa muuzaji, na isitoke kabla sachi haijafanywa upya Kwale, kwa sababu ile aliyokuonyesha yeye inaweza kuwa ya mwaka juzi. Na siku ya kupokea funguo piga picha ya mita ya stima na ya maji, ukiwa na muuzaji hapohapo, kisha salio la mwisho lizuiliwe mpaka bili zake zote zilipwe.